Nani Afungue Injini ya Hilux ya Nyumbani?

Hoja ya leo ni moja. Kijana ambaye hajawahi kufungua injini aachiwe aifungue ya gari la nyumbani kwao, au gari lipelekwe kwa fundi kama siku zote?

Gari lenyewe ni pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1990, injini ya mazutu (dizeli) aina ya 2L, silinda nne, cc 2,446. Hapa Rubavu, Rwanda, magari ya namna hii hayajaisha barabarani. Asubuhi yanateremsha viazi na karoti kutoka Bigogwe hadi Mahoko na Gisenyi mjini, jioni yanapanda na saruji, mabati na kreti za bia. Ndiyo yanayokwenda harusini na ndiyo yanayowahisha mgonjwa hospitali. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikatikisika siku kadhaa mfululizo na kuta za nyumba huku kwetu zikapasuka, mwenye gari linalowaka alilala akijua watoto atawapakia wapi. Kwa hiyo tusilizungumzie gari hili kama chombo cha kijana kujifurahisha nacho.

Ugonjwa wake injini hizi zimeuzoea: linachemka. Likiwa mjini, ufukoni mwa Ziwa Kivu, halina neno. Likishika njia ya Musanze na mzigo mgongoni, mshale wa joto unapanda pamoja nalo, na kabla halijafika Bigogwe inabidi lisimamishwe pembeni, boneti ifunguliwe, watu wangoje. Maji ya rejeta yanapungua kila siku, na chini ya gari huoni tone.

Nimeweka mezani sauti nne. Kila moja inasema yale yanayosemwa kila siku katika nyua na garaji za mji huu.

KIJANA: Mimi sisemi kwamba najua. Nasema nataka kujua, na gari ni la kwetu. Limeshapelekwa garaji, wakabadilisha gasketi ya hedi, tukalipa. Msimu mmoja wa viazi haukuisha, likachemka tena. Nikauliza tatizo lilikuwa nini, hakuna aliyenijibu. Wakaniambia nilete hela nyingine ya gasketi. Ikiwa ni kubahatisha, hata mimi nyumbani naweza kubahatisha bure. Kitabu cha injini hii ninacho kwenye simu, na video za watu wanaoifungua nimezitazama mpaka nimezikariri.

FUNDI: Mdogo wangu, usione vyaelea, vimeundwa. Video haikuonyeshi bolti iliyoshikwa na kutu ya miaka thelathini. Unaivuta, inakatika, nusu inabaki ndani ya bloku. Hapo simu itakusaidia nini? Mimi nilioshea watu spana muda mrefu kabla sijaruhusiwa kugusa kilase, yaani hedi. Si kwamba walininyima kwa roho mbaya. Injini ukiifunga vibaya haikwambii siku hiyo. Inakwambia ukiwa mlimani, usiku, na abiria nyuma.

MAMA: Nyote wawili mnazungumzia injini. Mimi nazungumzia gari. Hili gari likiwa linachemka, bado naweza kuliuza, mtu atalinunua hivyo hivyo na ugonjwa wake. Likishafunguliwa, vyuma viko kwenye beseni, mvua inanyesha, nani atalinunua? Atakuja muuza vyuma chakavu na mizani yake. Nimeyaona magari ya hivyo nyumba za jirani, yana miaka yamekaa, kuku wanalala ndani.

Neno hili la Mama ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia, na wapenzi wa kujifunza hulipita haraka. Gari bovu linalotembea lina bei. Likiwa vipande halina. Siku unapolegeza bolti ya kwanza ya hedi thamani ya mali ya familia inashuka papo hapo, na inarudi siku injini itakapowaka tu. Kwa hiyo swali la nani afungue linatanguliwa na lingine: je, tumeshajua kuna nini ndani?

MWALIMU: Na hilo hakuna aliyeliuliza. Kijana anasema gasketi, Fundi anasema kilase, na mpaka sasa hakuna aliyepima kitu chochote. Mimi nafundisha ufundi wa magari, na mwanafunzi akiniambia "injini inachemka, nimefungua hedi", namrudisha nyuma. Mfuniko wa rejeta umeuangalia? Themostati umeichemsha kwenye sufuria ukaona kama inafunguka? Feni inashika? Rejeta inapitisha maji?

FUNDI: Mwalimu, mfuniko tu ndio uchemshe injini?

MWALIMU: Ndiyo, Fundi, na hasa huku kwetu. Hapa ufukoni tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Maji ya kwenye sufuria yanachemka yakifika nyuzi 95, hayangoji 100. Ukipanda mpaka mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93. Injini yenyewe inafanya kazi karibu na joto hilo hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni springi ya ule mfuniko: inashikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9, na maji yaliyogandamizwa hivyo yanastahimili nyuzi kama 20 zaidi. Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, mlima wa Bigogwe unatosha kuyachemsha hata kama gasketi ni nzima.

KIJANA: Na maji tunayotia ni ya ziwani.

Hapo nilimwona Fundi ameinua macho. Maji ya Kivu si sawa na maji ya mvua. Ziwa linapokea chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano, na maji yake yamejaa magnesi na bikaboneti, yana ualkali wa pH karibu 9. Kuyaoga hakuna shida. Kuyachemsha ndani ya mirija ya rejeta mwaka baada ya mwaka ni habari nyingine: yanaacha ukoko mweupe, na mirija inaziba mmoja mmoja. Rejeta kwa nje inaonekana safi, kwa ndani imekwisha. Ukibadilisha gasketi ya hedi mara tatu juu ya rejeta iliyoziba, utaiunguza mara tatu. Sijui kama ndiyo yaliyotokea kwa gari la Kijana, lakini malalamiko yake ya kurudishiwa gari na ugonjwa ule ule yana uzito kuliko Fundi anavyotaka kukubali.

FUNDI: Sawa. Tuseme amepima hayo yote, yako mazima. Sasa?

MWALIMU: Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, afungue mfuniko, awashe, atazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Achomoe kijiti cha oili: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha apime kompresheni kila silinda, kwa geji ya dizeli. Geji ya gari la lisansi (petroli) haifai, silinda ya dizeli nzima inafika karibu bar 30. Silinda mbili zinazopakana zikiwa zimeanguka pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Aandike namba zote nne kwenye karatasi. Nikiiona hiyo karatasi nitamwambia kama afungue au asifungue.

KIJANA: Geji hiyo sina.

MWALIMU: Najua huna. Tutafika huko.

Kipimo kikishasema fungua, ndipo mabishano ya kweli yanapoanza, na kwenye injini ya 2L yanakuwa makali kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalijui. Gasketi yake ya hedi si ya unene mmoja. Inauzwa ya unene wa aina tatu, kila moja na alama yake: B, D na F. Unachagua baada ya kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku ikifika kileleni. Tofauti kati ya aina moja na nyingine ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Dizeli hii inakandamiza hewa zaidi ya mara 20, na nafasi inayobaki kati ya pistoni na hedi ni nyembamba sana. Ukiweka gasketi nyembamba pasipofaa, vyuma vinaweza kugongana. Ukiweka nene, kompresheni inapungua, gari linakuwa zito kuwaka asubuhi za baridi na linafuka moshi.

KIJANA: Mzee, nikuulize kwa heshima. Ulipobadilisha za watu, ulipima pistoni?

FUNDI: Naangalia alama ya ile ya zamani, naenda dukani nanunua kama hiyo.

KIJANA: Na kama ile ya zamani iliwekwa na mtu aliyekosea?

FUNDI: Miaka yote hii magari yanatembea, mdogo wangu.

MWALIMU: Mengi yanatembea, Fundi, hilo ni kweli. Na kuiangalia ya zamani ni bora kuliko kununua yoyote. Lakini Kijana ana haki kwenye hili.

Nakiri kwamba hapa moyo wangu ulielemea kwa Kijana. Si kwa sababu anajua zaidi. Fundi ana mikono ambayo Kijana ataipata baada ya miaka, na sikio linalosikia valvu iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini mazoea yana kasoro yake: mtu akishafanya jambo mara nyingi na mengi yakatembea, haoni tena sababu ya kupima. Mgeni wa kazi, kama ana akili, anapima kila kitu kwa kuwa hana kingine cha kutegemea. Mgeni mwenye fila geji na daftari anaweza kufunga hedi vizuri kuliko mzoefu mwenye haraka. Asiye na vipimo, anayefuata video, ni hatari kuliko wote.

Fundi hakunyamaza, na vizuri hakunyamaza.

FUNDI: Basi na mimi nimuulize. Ukishatoa kilase, umeweka rula ya chuma juu yake, umeona imepinda. Utainyoosha na nini? Hizi kilase za 2L zinapasuka kati ya valvu na valvu, ufa mwembamba kama unywele, huuoni mpaka itiwe upepo na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Utaitia upepo na nini? Na pampu ya mazutu je? Video zimekuambia ufungue na pampu?

KIJANA: Pampu siigusi, Mzee.

FUNDI: Usiiguse hata ukilala ukaota umeigusa. Mirija yake ukiitoa, ziba matundu yote saa hiyo hiyo. Punje moja ya vumbi la barabarani inatosha kuiua. Na mtu asiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Yale mazutu yanatoka kwa nguvu ya zaidi ya bar 100, yanapenya ngozi. Utaona kitobo kidogo tu, lakini baadaye mkono unaweza kukatwa.

MWALIMU: Haya ndiyo niliyotaka yasemwe na wewe. Kuskimu hedi, kuipima ufa, kusaga viti vya valvu, pampu na nozeli: hizo ni kazi za mashine, na mashine hazipo uani. Hata fundi mzuri wa Rubavu anazituma kwenye karakana yenye mashine, wengine mpaka Kigali. Kijana akizituma hajashindwa kazi. Amefanya kama fundi.

Vipuri vina mambo yake, nayapitia haraka. Wengi hununua Gatsata, Kigali. Wengine huagiza hedi au injini nzima iliyotumika kutoka soko la Kisekka, Kampala, kwa kuwa huko bei huwa nafuu. Injini ya 2L ni ile ile, lakini Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na sisi Rwanda tunaendesha kulia, na mwaka 2005 nchi ilikataza kuingiza magari ya usukani wa kulia. Kwa hiyo injini itaingia, lakini vinavyokaa upande wa usukani visilinganishwe kwa macho. Mtu abebe kile cha zamani mkononi mpaka dukani.

MAMA: Mimi nina masharti. La kwanza: hela. Waniambie sasa mwisho wake ni kiasi gani, niandike. Kikifika, kazi inasimama, gari linauzwa lilivyo, hakuna kuja kuniambia "imebaki kidogo tu, Mama." Hilo "kidogo tu" limemaliza nyumba za watu. La pili: si wakati wa kuvuna. Likifunguliwa msimu wa viazi, nakodi gari la mtu, na faida yote inakwenda kwa mwenye gari. La tatu: sitaki kusikia mwanangu amelala chini ya gari lililopandishwa juu ya mawe.

MWALIMU: La tatu liwe la kwanza. Mawe ya lava tuliyozoea kujengea hayafai kabisa kushikilia gari. Yana matundu ndani, yanaweza kumeguka ghafla na uzito. Jeki inapandisha tu. Gari linakaa juu ya stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu, na magurudumu yanayobaki chini yanakingwa. Kwa hedi peke yake, kazi kubwa inafanyika kutoka juu, hana sababu ya kulala chini muda mrefu.

FUNDI: Na oili chafu asimwage uani. Ardhi yetu hii inainywa, kesho iko ziwani.

MAMA: Na mimi nani ataniambia kwamba kazi imekwenda sawa? Mimi sijui vyuma.

MWALIMU: Utaona kwa macho yako, Mama. Kabla hajawasha, ashike spana, aizungushe injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili ya krankishafti. Ndiyo inayoizungusha kamshafti mara moja, na kila valvu inafunguka na kufunga mara moja. Injini hii inatumia mkanda wa taimingi, na ukikosea meno, valvu inakutana na pistoni. Ikigonga kitu, mkono utasikia mapema, hakuna kilichovunjika. Akiwasha kwa funguo bila kuzungusha, starta haitasikia chochote, itavunja. Usimpe funguo mpaka umeiona hiyo mizunguko miwili.

MAMA: Funguo nakaa nazo mimi, basi.

KIJANA: Nimekubali yote. Lakini naomba nami nisikilizwe. Bolti za hedi kitabu kinasema zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa kipimo. Toki renchi nitaitoa wapi? Fila geji? Geji ya kompresheni? Rula ya chuma iliyonyooka kweli? Mkinipa ruhusa bila hivyo, mmenipa ruhusa ya kuharibu gari.

Mjadala wote, kwangu mimi, ulikuwa unaelekea hapa. Kila mmoja alikuja na hofu yake juu ya mikono ya Kijana, na mwisho tumekuta upungufu uko kwingine. Spana za kufungulia zinauzwa sokoni, hata za bei ya chini. Vyombo vya kupimia ni ghali, na mtu atavitumia mara moja kwa miaka. Hakuna familia ya Mahoko itakayonunua toki renchi kwa ajili ya hedi moja. Matokeo yake wanaojifunza nyumbani wanajifunza kufungua na kufunga bila kupima, na wakifanikiwa kwa bahati wanakuwa mafundi wanaofunga bila kupima, na gari la mtu mwingine linarudi na ugonjwa ule ule.

FUNDI: Toki renchi ninayo moja. Iko kabatini.

MWALIMU: Unaitumia?

FUNDI: Kwa gari la mgeni anayesimama akitazama.

Hakuna aliyecheka, na mimi nilimheshimu kwa kulisema. Kisha akaongeza kwamba Kijana akija garajini kwake siku mbili tatu, ashike taa, aoshe vyuma, atamkopesha renchi, kwa sharti aje kukaza bolti mbele yake. Kijana akakubali hapo hapo.

Sasa uamuzi wangu. Naunga mkono Kijana afungue hedi ya gari la kwao, baada ya vipimo vya Mwalimu kuandikwa, ndani ya kikomo cha hela cha Mama, nje ya msimu wa mavuno, na kazi za mashine zipelekwe kwenye mashine. Vipimo vikisema tatizo ni rejeta au mfuniko, hedi isiguswe, hata kama Kijana ana hamu kiasi gani. Na kama nyumba haina namna nyingine ya kupata mkate mwezi huo ila gari hilo, jibu langu ni hapana, lipelekwe kwa fundi, na Kijana aende nalo asimame pale akiuliza. Breki na usukani viko nje ya ruhusa hii kabisa, kwa kuwa hivyo vikikosewa wengine wanaokufa ni wapita njia.

Lakini ruhusa ya mtu mmoja haitoshi. Wilaya hii ina shule za ufundi, na nchi ina utaratibu wa kumtambua na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazini bila kukaa darasani. Karakana za shule hufungwa Jumamosi mchana na siku za likizo, na vyombo vya kupimia vinalala ndani. Nawaomba wakuu wa shule hizo wafungue mlango nusu siku kwa wiki: mtu alete hedi yake mkononi, aipime juu ya meza iliyonyooka mbele ya mwalimu, alipe kiasi kidogo cha matunzo ya vyombo, aondoke na namba zilizoandikwa. Na mafundi wa mji, wale wenye toki renchi kabatini, waitoe.